Shoga, usitume hela kabla hujaiona nyumba kwenye mvua

Bonyokwa, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Hamjambo huko Nyegezi, Mwanza? Sisi wazima, ila joto ndilo linatumaliza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilipiga vigelegele kusikia uhamisho wako wa kuja Dar umetoka. Mara ya pili nikashtuka pale uliposema dalali anataka umtumie milioni mbili "za kumshika mwenye nyumba asiuze kwa mwingine." Usitume hata shilingi. Hiyo nyumba unayotaka kununua huku Msumi ukiikosa, zipo nyingine. Hela ukishaituma, ndiyo imekwenda hiyo.

Nikueleze yaliyonikuta, maana kwa aibu sikuwahi kukwambia yote. Hii nyumba yetu tuliinunua Septemba. Septemba, shoga! Kila kitu kikavu, vumbi mpaka kwenye kope. Kuta zimepakwa rangi mpya ya krimu, nikamwona mwenye nyumba muungwana kweli, anatuuzia na rangi katupakia. Masika ya kwanza, usiku mmoja wa Aprili, nikaamka kwenda chooni nikakanyaga maji sebuleni. Asubuhi yalipopungua, ile rangi ilikuwa imevimba kama andazi. Nikaibandua kwa kucha. Chini yake kuna mstari wa tope umenyooka kama uliopigwa kwa rula, usawa wa goti, na juu yake kidogo mstari mwingine, wa zamani zaidi. Mama anayeuza maandazi pale kona akaniambia, "Mbona sisi tulijua? Ila hamkuuliza." Na kweli hatukuuliza. Tulikuja na gari la dalali, vioo juu, tukaondoka nalo.

Wewe umezoea mawe na vilima, mvua ikikatika maji yameshafika ziwani. Huku yanakusanyika yakifuata korongo, na korongo nalo linamega kingo kila mwaka. Nyumba iliyokuwa mbali na bonde wakati inajengwa, leo unakuta choo kinaning'inia. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo siku wakija na rangi nyekundu kukupigia X ya kubomolewa, hakuna wa kumlilia. Basi njoo Machi au Aprili, mvua ikiwa inanyesha. Angalia kuta za jirani ambazo hazijapakwa rangi, maana hizo hazijui kudanganya. Halafu nunua maandazi, ukae kwenye benchi, uulize maji huwa yanafika wapi.

Lala kwangu siku mbili, na mojawapo tuondoke saa kumi na moja alfajiri kama unakwenda kazini. Dalali amekwambia Msumi mpaka Posta, katikati ya mji, ni "hapo hapo tu." Yeye anapima kwa pikipiki, mchana, barabara ikiwa kavu. Wewe utatoka na gari la kwenda Mbezi, ufike Kimara, upange foleni ya basi la mwendokasi, na jioni urudie yote hayo umesimama.

Maji usiulize kama bomba lipo. Fungua koki. Ukikuta matangi mawili na ndoo zimepangwa uani, umeshajibiwa. Kama ni kisima, nawa kwa sabuni; povu likigoma, ni maji ya chumvi, na utakuwa unanunua ya kunywa maisha yako yote. Halafu mwombe mwenye nyumba namba ya LUKU, ununue umeme wa elfu tano palepale mkiwa mmesimama. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo, kwa hiyo kama kuna deni utaliona kwenye yuniti. Mwenye nyumba akianza kukunja uso kwa elfu tano yako mwenyewe, jua kuna jambo.

Sasa karatasi, hapo usione haya. Kama anasema ana hati, usitosheke na kivuli alichokutumia kwenye simu. Chukua namba za kiwanja, mwanasheria wako (wako wewe, siyo aliyeletwa na dalali) akafanye upekuzi ofisi ya ardhi, mjue jina lililoandikwa ni la nani na kama benki haijaishikilia kwa mkopo. Kama anacho kikaratasi cha leseni ya makazi, hiyo siyo hati, bei ishuke. Kama hana vyote, ana mkataba wa mauziano tu, nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa bila dalali, kisha ukawaone majirani wa mipaka yote minne. Waulize mpaka unapita wapi huku mmesimama juu yake.

Na umwone mke wake. Simaanishi sahihi, namaanisha yeye mwenyewe, uso kwa uso. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzie, na mke naye hivyo hivyo. Nyumba ya nne kutoka kwangu mama alirudi kutoka kijijini akakuta wapangaji wapya wa mtu asiyemjua. Mpaka leo wako mahakamani. Kama ni nyumba ya urithi ndiyo kabisa, usikae hata mezani kabla hujaona barua ya msimamizi wa mirathi na watoto wote.

Ungenisikiliza, ungepanga kwanza huko huko Msumi. Najua kodi ya miezi sita kwa mkupuo inauma. Mimi nimetumia zaidi ya hiyo kuinua msingi na kuchimba mtaro, na mtaro wenyewe bado unanisumbua.

Ukipata tiketi nijulishe, nikupokee Mbezi stendi. Beba viatu vya mvua na dagaa debe moja, wa huku wana mchanga. Kwa dalali twende wote, ila wewe nyamaza, niache mimi niongee.

Ni mimi,
Jirani yako wa zamani