Jukwaa la wanafunzi wako

Nyakato, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Ukerewe. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kweli kusikia kwamba safari hii watoto hawataigiza tena chini ya mwembe, wazazi wa nyuma wakipanda juu ya viti ili waone. Umeniuliza jukwaa lao litataka mbao ngapi na kwa bei gani. Bei watakupa wauza mbao wa hapo Nansio. Mbao za msonobari kisiwani zipo, shamba la miti la Rubya si mnalo? Mimi nataka kwanza tuelewane jukwaa huanguka vipi.

Mara nyingi haliangushwi na uzito. Mguu wa ubao wa inchi mbili kwa nne ukisimama wima hubeba mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Adui ni msukumo wa pembeni. Na wewe unasema mchezo utafungwa kwa bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya majembe! Vijana wakiruka na majembe yao, wakatua wote kwa pigo moja la ngoma, jukwaa linasukumwa huku na huku, na kila pigo linazidisha mtikisiko wa pigo lililotangulia. Niliwahi kuliona hapa mjini jukwaa la sherehe lililopigiliwa misumari mitupu, bila ubao hata mmoja wa mshazari. Kwaya ilisimama juu yake ikaimba vizuri tu. Waimbaji walipoanza kucheza, miguu yote ikalala upande mmoja, polepole, na kina mama wa safu ya mbele wakashuka nalo. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Nilikwenda kuitazama ile misumari: mizima kabisa. Haikukatika, ilichomoka.

Basi mishazari ndiyo ya kwanza kuagiza. Ubao uanzie chini ya mguu mmoja uishie juu ya mguu wa jirani, upate pembetatu. Fanya hivyo mbele na nyuma, na ubavuni vilevile, maana ubavuni ndiko kunakosahauliwa.

Na badala ya misumari kwenye miguu, tumia bolti za milimita 10 zenye nati na washa, kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati. Hata hivyo bolti isiachiwe kubeba uzito peke yake. Mwambie fundi aunganishe mbao mbili kwa kila mguu: fupi ikae chini ya fremu inayobeba sakafu, ndefu ipande ubavuni mwa fremu na kufungwa bolti. Hapo mzigo unatua juu ya mbao fupi na kushuka moja kwa moja ardhini. Akikuambia huko ni kupoteza mbao, usimkubalie.

Plaiwudi ya sakafu chukua ya milimita 18. Karatasi sita za futi 4 kwa 8 zitakupa jukwaa la futi 16 kwa 12, linawatosha. Kila karatasi iwe na fremu yake ya mbao za inchi mbili kwa nne na miguu sita, kisha fremu zifungwe bolti zenyewe kwa zenyewe. Mbao za ndani zipangwe kila baada ya inchi 16, kwa sababu ya hao wachezaji. Wahandisi wa Ulaya huhesabu sakafu ya jukwaa ibebe kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Nasi tusijipunguzie kwa kuwa ni watoto.

Uwanja wenu naukumbuka, unateremkia ziwani na mawe yamechomoza. Usikubali miguu ikatwe urefu mmoja halafu iinuliwe kwa matofali. Vuta kamba kutoka sehemu ya juu kabisa, iweke sawa kwa pimamaji, kisha kila mguu upimwe pale pale utakaposimama na uandikwe namba kwa chaki. Penye mchanga, tanguliza kipande kipana cha ubao chini ya mguu.

Kimo, futi mbili zinatosha. Ukizidisha, watoto watakaokaa kwenye mikeka mbele hawataona nyayo za wachezaji, na ngoma ya Wasukuma bila nyayo ni nusu ngoma.

Jambo moja ninalolipenda mno: kabla ya kufunga plaiwudi, tandika vipande vya zulia kuukuu juu ya fremu. Jukwaa tupu hunguruma kila mtu anapotembea, na yule mtoto wako mwenye sauti ndogo atamezwa na vishindo vya wenzake. Ukingo wa mbele upake rangi nyeupe, giza likiingia waone mwisho uko wapi.

Likishasimama, kabla ya mtoto yeyote kupanda, waite walimu na wazazi wenye miili yao wapande waruke pamoja kwa ngoma, wewe ukichungulia chini na spana mkononi. Nati zikazwe tena siku ya onyesho, asubuhi.

Nitumie vipimo vya mteremko, nikuchoree fremu.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Nyakato