Hata kibarua ana ukoo

Mhariri,

Msomaji wenu alidai kuwa Uingereza ni makabaila tu wanaojua asili yao. Si kweli. Babu wa babu yake mume wangu alikuwa kibarua wa shamba huko Norfolk, hajui kuandika. Kwenye cheti cha ndoa alitia alama ya msalaba. Watu wa kawaida kama yeye wamo kwenye kumbukumbu: serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Julai 1837. Kabla ya hapo ni vitabu vya parokia, vya ubatizo, ndoa na mazishi kanisani. Sensa ya 1841 ina ujanja wake: umri wa watu wazima ulishushwa kwa mafungu ya mitano, hivyo mtu wa miaka 39 mara nyingi aliandikwa 35. Ya 1851 ndiyo tamu, hutaja parokia ya kuzaliwa. Ya 1931 msihangaike nayo, iliteketea 1942. Wifi yangu bado anang'ang'ania kuwa walikuwa na kasri.

Mama Rehema,
Norwich, Uingereza