Wanafunzi wakifika Olduvai, waanzie kwenye mawe

Mhariri,

Mabasi ya shule yakifika Makumbusho ya Olduvai (Oldupai, kwa Wamaasai wenye jina lao), wanafunzi hukimbilia fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, hupiga picha, kisha huanza kuulizia chakula. Fuvu lile ni nakala. Lenyewe, aliloliona mwanaakiolojia Mary Leakey Julai 17, 1959, limehifadhiwa Dar es Salaam. Somo kubwa limo kwenye mawe wanayoyapita, zana za watu wa kale.

Mwalimu aanze na jiwe jeusi la volkano, si lile jeupe linalometameta. Jeupe lilichukuliwa kilima cha Naibor Soit, jirani na bonde, na chembe zake ni kubwa mno. Alama za kugongwa hupotea humo, mtoto akabaki kuona jiwe tu. Kwenye jeusi, atafute kibanzi, yaani kipande kilichobanduliwa kwa kugonga jiwe. Ukingo mmoja una kisehemu bapa kilichopokea pigo. Chini yake, upande wa ndani, pana kinundu kama mgongo wa kijiko, na kutoka hapo vimetawanyika viwimbi hafifu, kama maji yaliyodondoshewa kokoto. Jiwe lililopasuliwa na jua halipasuki hivyo. Kinundu kisipoonekana, asogee pembeni: mwanga wa mbele hufuta kivuli chake.

Kisha jiwe lililobanduliwa vibanzi: wahesabu makovu. Makovu machache yasiyojali umbo ni kazi ya awali. Yakienea pande zote mbili hadi jiwe likawa kama tone la maji, hilo ni shoka la mkono, la baadaye.

Na nakala ya nyayo za Laetoli, alama za miguu za jamii ya binadamu wa kale, wasiambiwe ndizo zenyewe. Zenyewe, za miaka kama milioni 3.6, zimefukiwa huko Laetoli, yapata kilomita 45 kusini. Zilipofukiwa mara ya kwanza udongo ulikuwa na mbegu za migunga. Ikaota, mizizi ikaanza kutishia nyayo, ikabidi katikati ya miaka ya 1990 zifukuliwe, miti iondolewe na zifunikwe upya. Kisa hicho peke yake kinatosha kipindi kizima darasani.

Kabla ya safari, mwalimu aonyeshe kigae cha kitako cha chupa nene iliyovunjika. Kioo hupasuka kwa viwimbi vilevile, tena vinaonekana wazi kuliko kwenye mawe mengi. Kingo zifungwe plasta kwanza.

Mdau wa mambo ya kale,
Karatu