Jumamosi Duluti, kabla keremkerem hawajaondoka

Habari zenu wapendwa. Jumamosi hii tunakwenda Ziwa Duluti kutazama ndege. Tukutane Tengeru stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanaotoka Arusha mjini wapande daladala za Usa River.

Naomba sana msiikose hii. Machi inaisha, na ndege wageni wetu wa kutoka Ulaya na Asia wanarudi kwao kuzaliana. Keremkerem wa Ulaya hupita makundi makundi juu sana, mara nyingi utawasikia kabla hujawaona, kwa hiyo tuzungumze kwa sauti ya chini. Mbayuwayu nao wanajikusanya kwenye nyaya za umeme. Kila aliyemwona wa mwisho mtaani kwake aandike tarehe: rekodi hiyo ina thamani kuliko picha nzuri isiyo na tarehe wala mahali.

Wenyeji tusiwasahau. Furukombe, mnandi, mdiria, hata kenge na kima, wote waandikwe. Andika spishi, idadi, saa, mahali na alichokuwa anafanya. Usipokuwa na uhakika andika tu "mwewe, hajatambuliwa". Kubahatisha jina kunaharibu orodha nzima, na jioni tunaingiza ndege wote wa orodha hiyo eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege.

Njia ya msituni inateleza mvua hizi, vaeni buti. Darubini ziko chache, tutapokezana. Asiwepo wa kupiga sauti za ndege kwenye simu. Wengine wako kwenye viota.

Kiingilio cha msitu kila mtu ajilipie. Mnaokuja andikeni majina hapa kabla ya Alhamisi jioni.