Risala kwa Mgeni Rasmi, Matembezi ya Familia, Martin Down, Hampshire

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kikundi, wazazi wenzetu na watoto, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Sisi ni Waswahili tunaoishi kusini mwa Uingereza, na leo tumekualika ukanyage pamoja nasi tuta la Bokerley Dyke, tuta refu la kale lenye mtaro kando yake, mpakani mwa kaunti za Hampshire na Dorset.

Kwa mbali utadhani ni mkunjo tu wa nyasi. Safari iliyopita watoto walikuta sungura amefukua ubavuni mwake, na kilichomwagika nje kilikuwa cheupe kama unga wa sembe, kimechanganyika na vipande vya gumegume. Mtoto mmoja alikishika, akarudi nyumbani na viganja vyeupe. Hiyo ndiyo chaki ya nyanda hizi. Hapo tukaelewa kwamba tuta hili lilipokuwa jipya halikuwa la kijani. Lilikuwa mstari mweupe juu ya malisho, na mchungaji aliuona tangu yuko mbali. Wenzetu wa Kilimanjaro walikumbuka masale, mimea inayopandwa mpakani kwao, ambayo hakuna anayethubutu kuyang'oa.

Jenerali Pitt-Rivers, mwanaakiolojia wa Kiingereza, alichimba hapa kati ya 1888 na 1891. Sarafu za Kirumi alizozikuta zilimwonyesha kuwa ni kazi ya mwishoni mwa utawala wa Warumi. Ni kweli kwamba nyakati hizo tuta liliimarishwa, hata barabara ya Kirumi ikazibwa. Lakini watafiti waliomfuata wameona mpaka wenyewe ni wa kale zaidi, wa tangu Zama za Shaba au mwanzo wa Zama za Chuma, watu wa Wessex, yaani eneo hili la kusini mwa Uingereza, walipokuwa wakigawana mashamba na malisho kwa mitaro mirefu. Hadi leo mpaka wa kaunti hizi mbili unapita juu yake.

Mheshimiwa, inatuuma kwamba mitaro mingi ya aina hii imesawazishwa na plau, ikabaki michirizi inayoonekana kutoka angani tu. Ile ya uwanda wa Salisbury Plain imepona kwa wingi kwa sababu jeshi lilianza kununua ardhi ile mwaka 1897, na majembe yakakaa mbali.

Tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie nauli ya basi, maana familia zisizo na gari hubaki nyumbani. Pili, utuunge mkono tuchapishe kijitabu cha Kiswahili kuhusu tuta hili, watoto wakisome wakiwa wamekaa juu yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.