Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Kikundi cha Kuweka na Kukopa, Igurusi, Mbarali

Ndugu wanachama,

Vikao vya kila wiki, mikopo na rambirambi za misiba vimeendelea kama mnavyojua, na hesabu zake mhasibu amekwisha kuzigawa. Kwa ufupi, tuko wanachama 84, riba na faini zimetuingizia shilingi 6,300,000, na wanachama 37 hawakulipa ada ya mwaka mzima, jumla shilingi 888,000.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kugawa theluthi moja ya mapato hayo kwa usawa, kila mwanachama akapokea shilingi 25,000 bila kuangalia hisa zake, na theluthi mbili zikafuata hisa kama kawaida. Pendekezo hilo nililileta mimi na bado nalisimamia. Mkutano uliitishwa kwa mujibu wa katiba, wakaja wanachama 43, akidi ikatimia kwa shida. Wengi wanaolalamika leo kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hawakuonekana.

Riba tunayoiita faida inalipwa na mkopaji, na wakopaji wetu wengi ni wenye hisa chache wanaokopa kwa ajili ya mbolea na mahitaji ya shule. Tukiigawa yote kwa hisa, tunachukua kwa mwenye hisa tano na kumpa mwenye hisa hamsini, huku tukisema tunasaidiana. Isitoshe, kipato cha wengi wetu kilitegemea mikono. Zamani majaruba yalivunwa kwa mundu, mpunga ukapigwa palepale shambani, na kila mama aliyeshika mundu alirudi jioni na ujira wake. Leo kombaini inaingia asubuhi, na adhuhuri mpunga umekwisha kuingia kwenye magunia. Mwenye shamba ameokoa gharama, wala simlaumu, lakini ujira wa kibarua umehamia kwa mwenye mashine. Wadaiwa wa ada wengi ni vibarua haohao, ndiyo maana nilikataa kata kata shauri la kuwanyima gawio.

Wapo walioniambia kuwa fedha isiyotokana na jasho inalea uvivu. Jimbo la Alaska, Marekani, limekuwa likimgawia kila mkazi, tajiri kwa maskini, fungu sawa kutoka mfuko wa mapato ya mafuta tangu mwaka 1982, na watu hawakuacha kazi. Finland iliwapa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kila mwezi bila masharti, mwaka 2017 na 2018. Hawakufanya kazi pungufu kuliko wenzao, na walieleza kuwa maisha yamepata nafuu. Hapa nyumbani TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikizipa ruzuku kaya maskini, na hatujaona mashamba yakigeuka pori kwa sababu hiyo.

Kuhusu kulipa gawio kwa simu, tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilitutisha sote, lakini baadaye serikali iliipunguza, na gawio lililolipwa kwa simu limeacha kumbukumbu ambayo sanduku letu la fedha la kufuli tatu halikuwahi kuacha.

Mwakani, Mungu akitujalia, tunatarajia kutafuta namna ya kumiliki mashine ya kuvunia ya kikundi, ili ujira uliohama urudi kwetu sote. Hilo halitawezekana bila ada wala mahudhurio. Nawaomba wenye uwezo waanze kulipa.

Mwenyekiti