Wavu wa ng'ambo ya Mto Sio

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka kumi na tisa bila kukuandikia, ila ile ripoti ya wiki jana kuhusu wavuvi waliokamatwa Ziwa Victoria imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako alihesabu maboti, faini na askari. Samaki hakumtaja.

Kwetu ni Samia, kando ya Mto Sio, pale mto unapokuwa mpaka wa Kenya na Uganda. Samaki wetu, ningu, huishi ziwani, lakini masika yakianza na mto ukifura, hupanda kwenda kutaga. Babu yangu alimtega kwa mgono na akambakisha. Miaka ya 1950 nyavu za macho madogo zikaziba midomo ya mito, ningu wakawa wananaswa na mayai tumboni.

Aprili nilikwenda kumzika shangazi. Asubuhi nikashuka mtoni. Upande wetu vijana wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, walikuwa wamekataza nyavu. Ng'ambo, mahali ambapo ukiita unaitikiwa, wavu ulikuwa umetegwa hadi katikati ya maji. Mwenye wavu ni mtoto wa mjomba wangu, tunazungumza lugha moja. Alipasua ningu mbele yangu: mayai madogo kama ulezi, yamemjaa hadi mbavuni. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Kaka, nikiutoa huu leo, kesho watatega wenu." Na ni kweli, mwaka juzi waliotega ni wetu! Tangu 1994 nchi zetu tatu zina shirika la uvuvi wa Ziwa Victoria, makao yake Jinja, na wavu ule bado uko. Tena sisi Wakenya tusijitoe lawamani. Tuna asilimia 6 tu ya ziwa, lakini mito mingi hutokea kwetu. Mto Mara huanzia msitu wa Mau na kumwaga maji yake Tanzania. Tukikata msitu, tope linamfikia ningu wa Musoma.

Jumamosi niliuliza ningu katika soko la Gikomba, hapa Nairobi. Muuzaji akanipa tilapia ya barafu kutoka katoni yenye maandishi ya Kichina, huku akiapa ni ya ziwani. Hilo nalo lichunguzwe.

Ninachoomba ni hiki: mto ukifura mara ya kwanza, pande zote mbili zitoe nyavu siku moja, kwa wiki sita. Za Kenya zifungiwe nyumbani kwa mzee wa Uganda, na za Uganda kwa mzee wetu.

Msamia,
Umoja, Nairobi